Seti ya mazoezi makavu ya bastola ya milimita 9: nunua risasi bandia kwanza, leza baadaye

Mwenye bastola ya leseni huku Nyanda za Juu Kusini, awe mfanyabiashara wa mbao Mafinga, wa mchele Ubaruku, wa dhahabu Chunya au wa duka la jumla Tunduma, anakabiliwa na jambo lilelile: silaha anayo, risasi anazo chache, na nafasi ya kufyatua risasi za moto mahali halali haipatikani kila wiki. Bastola inakaa kiunoni au kwenye sefu miezi kadhaa, na mkono unaisahau. Seti za mazoezi makavu, yaani mazoezi ya kuvuta triga bastola ikiwa haina risasi ya moto, zimetengenezwa kwa ajili ya mtu huyo. Tathmini hii inaziangalia kwa matumizi ya nyumbani, chumba cha mita tatu kwa nne, ukuta wa tofali, jioni baada ya kazi.

Seti ya kawaida ina vitu vinne: risasi bandia tano, risasi moja ya leza, ambayo hutoa nukta ya mwanga badala ya kufyatuka, shabaha za karatasi, na programu ya simu ya kupima muda. Vinauzwa pamoja au kimoja kimoja. Risasi bandia na programu ya muda ndizo zinazobeba karibu kazi yote. Leza inafaa kukagulia tu, mara moja moja, na anayeanza nayo hujifunza tabia mbaya ambayo itamgharimu kwenye shabaha ya kweli. Kwa mwenye bajeti ndogo, anunue risasi bandia aache vingine.

Kabla ya kuagiza chochote kutoka nje, pita ofisi ya polisi inayosimamia leseni yako uulize kama kifaa hicho kinaruhusiwa kuingia. Swali hilo ni la lazima zaidi kwa bastola za mazoezi kama SIRT, ambazo zina umbo na uzito wa silaha halisi ingawa hazifyatui kitu isipokuwa mwanga. Forodhani hakuna atakayesikiliza maelezo kwamba ni ya mazoezi.

Chumba nacho kinahitaji kuandaliwa, na hakuna seti tuliyoiona inayoeleza hili vya kutosha kwenye karatasi yake ya maelekezo. Ukuta unaoelekezewa bastola uwe wa tofali za kuchoma zilizojengwa kwa upana, au wa zege. Risasi ya milimita 9 inapita mlango wa mbao, dari ya jipsamu na bati, na ikitokea upande wa pili bado ina nguvu ya kuua. Nyumba za Ilomba, Isanga na Mwanjelwa, mitaa ya jiji la Mbeya, zimebanana, dirisha la jirani liko hatua chache tu, kwa hiyo upande wa kuelekeza unachaguliwa mara moja na haubadilishwi. Risasi zote za moto zitoke chumbani na zifungiwe chumba kingine. Droo ya hapohapo haihesabiki.

Kuondoa risasi kwenye bastola kuna mpangilio wake: toa magazini (kibebeo cha risasi) kwanza, kisha koki mara tatu kwa nguvu, yaani vuta slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, nyuma kabisa na kuiachia, kisha zuia slaidi nyuma, tazama ndani ya chemba (tundu inamokaa risasi ya kufyatuliwa), halafu ingiza kidole kidogo uhakikishe kwa kugusa. Anayekoki kabla ya kutoa magazini anatoa risasi moja na kuingiza nyingine palepale, halafu anaamini silaha ni tupu kwa sababu ameona kitu kikiruka. Ajali za mazoezi haya hutokea zaidi mwishoni. Mtu amemaliza, amerudisha risasi za moto, kisha anataka kuvuta triga mara moja tu ya mwisho. Dawa yake ni kutamka kwa sauti kwamba mazoezi yameisha, kubandua shabaha ukutani, kutoka chumbani, na silaha ikishajazwa isichezewe tena usiku huo.

Sasa risasi bandia. Za kununua ni za alumini zilizopakwa rangi kali, kama A-Zoom ambazo kwa bastola huja tano kwenye pakiti. Nyuma, mahali pa kiberiti cha risasi, zina kipande laini kinachopokea pigo la pini ya kugonga. Bastola nyingi za kisasa, Glock zikiwemo, zinavumilia kuvutwa triga chemba ikiwa tupu. Ila baadhi ya CZ 75 zina kipini kinachoshikilia pini ya kugonga, na kipini hicho huweza kukatika kikipigwa kavu mara nyingi. Bastola za .22, zile za risasi ndogo, nyingi hazitaki mchezo kabisa, maana pini yake huweza kugonga ukingo wa chemba na kuubonyeza. Kwa hizo, risasi bandia ni sharti.

Za plastiki ni rahisi, lakini ukingo wake wa nyuma humeguka, na kipande cha mbele hubaki ndani ya chemba. Kukitoa ni kazi ya kijiti kinachopitishwa mdomoni mwa mtutu. Za alumini nazo zina mwisho. Kulabu inayotoa ganda huchonga ukingo taratibu mpaka uwe na meno meno. Ukiona ukingo umelika kiasi kwamba kulabu inateleza, itupe hiyo, usiibakize kwenye pakiti. Za rangi ya shaba, zinazofanana na risasi za moto, usinunue hata kama ni za bure. Na usitengeneze zako kwa maganda yaliyokwisha kutumika. Hesabu tano zinapotoka kwenye pakiti na tano zinaporudi. Risasi bandia iliyosahaulika ndani ya magazini pamoja na za moto itakuja kujitokeza siku ambayo mtu anahitaji bastola ifyatue.

Kasoro yake moja haina tiba: ni nyepesi. Risasi halisi ya milimita 9 ina uzito wa gramu 12 hivi, na alumini haifiki hapo. Magazini yenye risasi bandia hushuka polepole kuliko iliyojaa za moto, na bastola inakaa mkononi ikiwa nyepesi kidogo. Zoezi la kubadilisha magazini linapoteza uhalisia kwa sababu hiyo, ila mazoezi mengine hayaathiriki.

Kwa mtu anayefanya dakika 15 mara tatu au nne kwa wiki, mpangilio unaozaa matunda ni huu. Dakika tatu za kwanza ni za ukuta mweupe usio na shabaha. Simama mdomo wa bastola ukiwa karibu sentimita tatu kutoka ukutani, tazama kilengeo cha mbele, vuta triga polepole hadi ilie. Kwa kuwa hakuna kitu cha kulenga, jicho halina kazi nyingine zaidi ya kuona kama kilengeo kimetikisika. Kikienda kushoto na chini kwa mtu wa mkono wa kulia, vidole vingine vitatu vinakaza pamoja na kidole cha triga. Punguza mkazo wa mkono wa kulia, ongeza wa kushoto. Mkono unaosaidia ndio unaopaswa kubana zaidi, ili mkono wa triga ubaki huru.

Baada ya hapo weka sarafu ya shilingi 50 juu ya slaidi, nyuma tu ya kilengeo cha mbele, na uvute triga bila sarafu kuanguka. Mara kumi mfululizo ndicho kipimo. Ikianguka ya tisa, unaanza moja. Ni zoezi la kale na halina gharama, na hatujaona kifaa cha kisasa kinacholishinda kwa kufundisha triga. Bastola zinazofyatuliwa na pini ya ndani, kama Glock, zinahitaji slaidi ivutwe nyuma sentimita moja hivi baada ya kila pigo ili triga irudi. Usiikoki mpaka mwisho, utajifunza bure kukoki baada ya kila risasi. Mwenye Beretta 92 au CZ yenye nyundo anaweza kuvuta tena na tena, ila kila mvuto utakuwa ule mzito wa kwanza. Hilo ni zuri, maana mvuto wa kwanza ndio unaowashinda wengi.

Kuchomoa ndiko tunakotaka kukaa zaidi, kwa sababu ya baridi yetu. Mafunzo mengi yanaonyesha mtu aliyevaa fulana. Njombe na Makete mwezi wa saba mtu amevaa koti zito lenye zipu juu ya sweta, na Mbeya mjini jioni si tofauti sana. Fanya mazoezi ukiwa umevaa nguo unazotoka nazo kweli. Mkono wa kushoto unashika pindo la koti pamoja na la sweta kwa ngumi nzima, si kwa ncha za vidole, na kuvuta juu hadi kifuani. Mkono wa kulia unashuka wakati huohuo, unashika mpini juu kabisa, ile nafasi kati ya dole gumba na cha shahada ikiwa imegusa mgongo wa mpini. Bastola inatoka wima hadi usawa wa mbavu, mdomo unageuka kuelekea mbele, mikono inakutana mbele ya kifua, kisha inanyooka. Kidole kiko nje ya triga mpaka macho yameona kilengeo juu ya shabaha.

Kinachoharibika ni kitambaa cha sweta kunaswa kati ya kiganja na mpini. Ukikihisi, usiendelee. Rudisha, anza upya, maana mshiko mbovu hautengenezeki bastola ikiwa tayari imenyooka. Funguo au simu nzito kwenye mfuko wa koti huyumbisha pindo na kulirudisha juu ya bastola, kwa hiyo hamishia upande mwingine. Kisha zile kamba za kubana koti kiunoni: zikate. Kamba yenye kifundo ikiingia ndani ya holsta (ala ya bastola) wakati wa kurudisha bastola inaweza kukamata triga na kuivuta. Ni ajali inayojulikana dunia nzima kwa wanaobeba kiunoni. Kurudisha bastola hakuna haraka kamwe: tazama holsta kwa macho, koti likiwa limeshikwa juu, kidole kikiwa kimenyooka. Bastola yenye nyundo, weka dole gumba juu ya nyundo, utaihisi ikianza kusogea.

Wanaobeba kwenye mkoba, na wapo kina mama wengi wafanyabiashara wanaofanya hivyo, wanahitaji mfuko wa ndani wa peke yake unaofunika triga, usioingia kalamu wala funguo. Zoezi ni lilelile, ila muda wake ni mrefu zaidi na uhesabiwe hivyo.

Programu ya muda hutumika hapa. Kwa mazoezi makavu hutegemei ikusikie, unatumia mlio wa kuanza na mlio wa kumaliza. Mlio wa kwanza uje baada ya kusubiri muda usiojulikana, kati ya sekunde 2 na 5, ili usiuotee. Anza na sekunde 3 kutoka chini ya koti hadi triga ilie. Ukifaulu mara tano kati ya tano, kilengeo kikiwa mahali pake, punguza sehemu mbili za kumi za sekunde. Sekunde 2 chini ya koti zito ni kiwango cha kuheshimika. Bila koti, lenga 1.5.

Nusu ya machomozi hayo yaishie bila kuvuta triga. Chomoa, lenga, paza sauti "Simama! Rudi nyuma!", kidole kikiwa nje, kisha rudi nyuma hatua mbili. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya kujilinda, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Mtu aliyezoesha mkono kwamba kila kuchomoa huishia kwa triga amejiondolea mwenyewe nafasi ya kusimama pale mhalifu anapotupa panga na kukimbia. Seti zote tulizozipitia zina maelekezo ya kufyatua, hakuna hata moja yenye zoezi la kutofyatua, na hilo ni pengo kubwa.

Bastola inapogoma, risasi bandia zinalipa bei yake yote. Tandika blanketi sakafuni, sementi huzing'oa rangi na kuzibonyeza. Jaza tano kwenye magazini, koki, vuta triga: italia bila kufyatuka. Gonga kitako cha magazini kwa kiganja, koki kwa nguvu, lenga tena, vuta. Kosa la kawaida ni kuisindikiza slaidi kwa mkono inaporudi mbele. Iachie iende kwa springi yake, vinginevyo risasi haikai vizuri kwenye chemba na umetengeneza tatizo la pili. Mgomo mbaya zaidi ni wa risasi mbili zinazogombania chemba. Uandae kwa kuweka risasi bandia moja ndani ya chemba, kisha kuachia slaidi taratibu juu ya magazini yenye nyingine. Kugonga na kukoki hakutausaidia. Zuia slaidi nyuma, ng'oa magazini, koki mara tatu, ingiza magazini, koki. Sekunde nane zinatosha kwa anayeanza.

Sasa leza. Ni kiganda kinachoingia kwenye chemba. Nyuma kina kitufe cha mpira, na pini ikikigonga mwanga hutoka mtutuni kwa sehemu ndogo ya sekunde. Nukta safi ukutani ina maana bastola haikutikisika. Ukiona mkia mfupi wa mwanga, mdomo ulisogea triga ilipolia, na mkia unakuonyesha ulisogea wapi. Taarifa hiyo ni ya thamani kweli.

Shida yake ni jicho. Baada ya mara ishirini mtu anaacha kutazama kilengeo, anatazama ukuta kusubiri nukta. Kwenye risasi za moto hakuna nukta, na jicho lililozoea kuruka mbele ya kilengeo hutoa shabaha zilizotawanyika. Kwa hiyo tumia leza mara moja kwa wiki, pigo kumi, andika matokeo, iondoe.

Ikaguliwe kwanza. Egemeza bastola juu ya mfuko wa mchele uliobana, piga, zungusha kiganda robo mzunguko ndani ya chemba, piga tena, mpaka umalize duara. Nukta zikichora mviringo ukutani, leza haiko katikati na haifai kupimia usahihi, ingawa mkia wake bado unasema kweli. Nukta kutua sentimita moja na zaidi chini ya unapolenga, kwa umbali wa mita tatu, si kasoro: mtutu uko chini ya vilengeo, na risasi halisi nayo hutua chini kidogo kwa umbali huo. Leza nyekundu haionekani chumba kikiwa na jua la dirishani. Ya kijani inaonekana vizuri zaidi. Betri ni vidonge vidogo vinavyoisha bila taarifa, mwanga ukififia badilisha vyote kwa pamoja. Mwanga huo usielekezwe machoni, wala kwenye kioo cha kabati.

Jambo la hatari zaidi kuhusu leza: nyingi hazina ukingo wa nyuma, kwa makusudi, ili kulabu isizitoe unapokoki. Maana yake inabaki ndani. Ukijaza risasi za moto bila kuitoa, slaidi haitafunga na bastola haifai kitu. Isukume kwa kalamu kutoka mdomoni, iweke mezani mbele ya macho yako kabla ya kugusa magazini ya moto.

Vifaa kama MantisX, vinavyofungwa chini ya mtutu na kutuma mtikisiko kwenye simu, vinatoa taarifa bora kuliko leza bila kulivuta jicho. Bei yake ni kubwa, na hufungwa kirahisi zaidi kwenye bastola yenye reli ya chini, yaani mfereji wa kufungia vifaa chini ya mtutu. Kikundi cha walinzi au marafiki watano wakichangia kimoja, kinastahili.

Shabaha za karatasi za kwenye seti hazina haja. A4 nzima ikisimama wima kwa mita tatu inaonekana kama kifua cha upana wa sentimita 49 kwa mita saba. Shabaha ya duara iitwayo B-8, yenye weusi wa sentimita 14, inachapishika duka lolote la stationeri. Ichapishe kwa nusu ya ukubwa, isimamie mita 2.3, na utaiona kama ile kamili inavyoonekana kwa yadi 5 (mita 4.6 hivi).

Tumechagua hiyo kwa sababu ndiyo ya kupimia nafasi ya risasi za moto ikipatikana. Jaribio la mkufunzi wa Marekani Justin Dyal linatumia risasi 10 tu, yadi 5, B-8 ya ukubwa kamili, awamu nne, kila moja sekunde 2.5: risasi moja kutoka holsta, nne kwa mikono miwili bastola ikiwa tayari mkononi, tatu kwa mkono wenye nguvu peke yake, mbili kwa mkono dhaifu. Alama kamili ni 100. Risasi ya kwanza ikichelewa, rudi kwenye koti. Zile nne zikishuka kushoto, rudi kwenye sarafu. Mkono dhaifu ukitawanya, ongeza dakika mbili za ukuta mweupe kwa mkono huo peke yake.

Baada ya kila kipindi futa slaidi kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, jasho la mikono ni chumvi. Kwa mvua za Tukuyu, bastola isilale ndani ya holsta ya ngozi. Ngozi hushika unyevu na kutu huanzia pale chuma kinapoigusa.